Picha za Harusi Zitakaa kwa Nani?

Sisi tunaoshona nguo za harusi huwa chumbani na bibi harusi mpaka dakika ya mwisho, tukibana kiuno na kushikiza shela, kwa hiyo mabishano ya picha tunayasikia yote.

Msikitini kwenye nikaha mpiga picha awe mwanamme, hakuna neno. Ukumbini wanawake wamevua mabuibui, nywele wazi, huko awe mwanamke tu. Hilo wengi mnalijua. Linalosahauliwa ni baada ya hapo: dada wa watu anapiga vizuri, halafu picha zote anampelekea kijana wa studio azisafishe na kutengeneza albamu. Sitara iko wapi? Muulizeni kabla ya kutoa arubuni: nani anazisafisha, memori kadi inabaki kwa nani, na asizitie Instagram bila ya ruhusa. Muandikiane, hata kwenye karatasi ya daftari.

Simu nazo. Tangazo la kipaza sauti halitoshi, mwekeni shangazi mmoja mkali mlangoni na kikapu. (Watamsonya, lakini biriani watakula.)

Hina na piko zipigwe mchana, karibu na dirisha. Taa za ukumbini zinaharibu rangi.

Bibi harusi wetu mmoja alikataa kabisa kupigwa picha ukumbini. Mama yake alinuna siku mbili. Siku ya kujaribisha nguo wakapiga moja tu, wao wawili, dukani kwetu, mlango tumeufunga, kwa simu ya bibi harusi mwenyewe.