Butembo, Beni na Mifupa ya Semliki

Katika vijiji vinavyoizunguka Butembo, simbilisi wanafugwa jikoni. Wanapenya kati ya mafiga wakitafuna majani ya viazi, na wenye nyumba wanawapenda kwa sababu hawadai zizi wala malisho, na vita vikizuka hutiwa kikapuni familia ikaondoka nao. Mgeni huwapita tu. Mimi namwomba asimame awatazame, maana wana ukoo mkubwa. Mwaka 2003 wanasayansi walitangaza habari za Phoberomys pattersoni, mnyama wa jamii ya panya aliyeishi Urumaco, nchini Venezuela, miaka ipatayo milioni 8 iliyopita. Walimkadiria kilo 700, uzito wa fahali, na simbilisi ni jamaa yake. Wataalamu wengi wanaamini kwamba wahenga wa ukoo huo walitoka Afrika miaka kama milioni 40 iliyopita, wakaivuka Atlantiki, iliyokuwa nyembamba kuliko leo, juu ya vichaka vilivyong'olewa na mafuriko ya mito. Basi simbilisi wa Butembo amerudi kwao, ijapokuwa kwa kuzunguka dunia.

Panya wa kilo 700 hakufukuliwa Kivu Kaskazini, mkoa wa Butembo na Beni. Lakini nchi hii ina mifupa yake, na njia ya kuifikia ni miongoni mwa njia nzuri kuliko zote ninazozijua katika Maziwa Makuu.

Safari huanzia Butembo, mji wa wafanyabiashara, mita kama 1,700 juu ya usawa wa bahari, kaskazini kidogo ya Ikweta. Asubuhi ni baridi, ukungu umelala mabondeni, na maduka yamekwisha kufunguliwa. Wanande wa hapa wameujenga mji wao kwa jasho la biashara: kahawa, mbao, maharagwe, na mizigo inayoagizwa kutoka Dubai na China. Hata chuo kikuu cha Kikatoliki kilichoanzishwa hapa mwaka 1989 kimebeba jina la Graben, yaani lile Bonde la Ufa lililo mashariki ya mji. Sokoni utamkuta ngege na kambare kutoka Kyavinyonge, kijiji cha wavuvi kwenye Ziwa Edward. Mkumbuke huyo kambare, nitamrudia.

Kutoka Butembo hadi Beni ni kilomita 54. Barabara inashuka, mikaratusi inapungua, joto linaongezeka, na kakao inaanza kuonekana chini ya miti mikubwa. Hapa msitu uko karibu. Mwaka 1900 Harry Johnston, Mwingereza aliyekuwa akitawala Uganda, alifika katika ngome ya Beni ya zamani, karibu na mto Semliki, akapewa vipande vya ngozi yenye milia. Akavipeleka London. Baadaye afisa mmoja wa Sweden, Karl Eriksson, akamtumia ngozi nzima na mafuvu, na Johnston akadhani amempata Helladotherium, mnyama aliyejulikana kwa visukuku tu. Kumbe alikuwa okapi, ndugu wa twiga, ambaye Wambuti wa msituni walikuwa wakimjua siku zote.

Toka Beni ushike njia ya Kasindi. Kushoto, mawingu yakikubali kufunguka, inasimama Ruwenzori yenye kilele cha mita 5,109 na barafu yake karibu kabisa na Ikweta. Kusini ni Hifadhi ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925, ya kwanza ya aina yake barani Afrika. Humo ndimo ilimo Ishango, mahali Semliki inapotoka katika Ziwa Edward: genge la udongo mweupe, maji mapana, viboko, na ndege wengi ajabu.

Mwaka 1950 mwanajiolojia Mbelgiji Jean de Heinzelin alichimba hapo akaokota mfupa wa sentimita kama 10, wenye kipande cha kwarzi kichwani na mikato iliyopangwa kwa safu tatu. Ukihesabu mikato unapata 60, 60 na 48. Safu moja ina makundi ya 11, 13, 17 na 19. Wapo wanaosema ni hesabu, wengine wanasema ni kalenda ya mwezi, na ubishi haujaisha. Umri wake ni miaka kama 20,000.

Kilomita chache kaskazini, kando ya mto huohuo, iko Katanda. Alison Brooks na John Yellen walikuta hapo vyusa vya mfupa vyenye meno, vilivyochongwa kwa ustadi, pamoja na mifupa ya kambare wakubwa. Mwaka 1995 walivikadiria kuwa na miaka kama 90,000. Wapo waliotilia shaka umri huo, lakini kazi ya mikono ile haina shaka: watu wa Semliki walijua majira ambayo kambare husogea kwenye maji mafupi kutaga, wakamvizia. Samaki yuleyule ndiye anayeuzwa leo sokoni Butembo.

Sitaficha yanayojulikana. Tangu Oktoba 2014 watu wengi wasio na hatia wameuawa vijijini Beni, na Ebola ya 2018 hadi 2020 ilizika zaidi ya watu 2,000. Viboko wa Virunga, waliokuwa zaidi ya 25,000 miaka ya 1970, waliwindwa hadi wakabaki chini ya 1,000. Anayetaka kusafiri leo aulize kwanza wenyeji kama njia ni salama, na jibu lao alifuate.

Mfupa wa Ishango umehifadhiwa Brussels. Nawaomba walimu wa Butembo na Beni wachonge mfano wake, wauweke darasani, watoto wahesabu mikato kwa vidole vyao. Nawe msomaji, ukikutana na mtu wa Beni, muulize kwanza habari za Ishango, za vita baadaye.