Aliyeumwa na Nyoka

Waswahili husema, aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Methali hiyo niliikariri mwaka wa kwanza kwa ajili ya mtihani. Sikujua kwamba nilikuwa nikiishi nayo nyumbani.

Mama yangu alinusurika mauaji ya kimbari ya mwaka 1994 hapa Rwanda akiwa bado msichana. Mimi nilizaliwa karibu miaka kumi baadaye. Jumamosi moja mdogo wangu alirudi kutoka mpirani akipuliza filimbi uani. Mama aliangusha sufuria ya maharage, akakimbilia chumbani na kujifungia. Nilisimama mlangoni nikamwambia, "Mama, acha wasiwasi, ni filimbi ya mtoto tu." Hakunijibu. Usiku ndipo aliponieleza kwamba waliokuwa wakiwawinda waliitana kwa filimbi.

Mwaka wa pili tulipewa kazi ya kutafsiri kijitabu cha afya ya akili kwa Kiswahili. Magonjwa mawili tofauti niliyaita "wasiwasi". Mhadhiri wetu alizungushia neno hilo wino mwekundu na kuandika pembeni: "Huyu anaogopa linalokuja au lililopita?"

Nilipotafuta jibu, niligundua kuwa hata wataalamu walichelewa kuyatenganisha. Chama cha madaktari wa akili cha Marekani kilipouingiza ugonjwa wa msongo baada ya kiwewe katika mwongozo wake mwaka 1980, kiliuweka katika kundi la maradhi ya wasiwasi. Mwaka 2013 kiliuhamishia katika sura nyingine, ya maradhi yanayotokana na matukio ya kutisha. Dalili zake hufanana: moyo kwenda mbio, usingizi kupaa, kukwepa watu na mahali. Hata hivyo, mwenye wasiwasi huogopa jambo ambalo huenda litatokea, ilhali mwenye kiwewe hurudiwa na jambo lililokwisha kutokea, kana kwamba linatokea sasa hivi. Tena mtu mmoja anaweza kuwa na yote mawili. Kwa Kinyarwanda kiwewe hiki tunakiita ihahamuka, neno lenye picha ya mtu aliyeishiwa pumzi kwa hofu. Sikuwahi kulifikiria neno hilo nilipokuwa nimesimama pale mlangoni.

Nami sikusalimika. Mama asipopokea simu, hupiga mara kumi, mikono ikitetemeka, na siwezi kusoma hata ukurasa mmoja. Mwezi wa Aprili hali huzidi. Mshauri nasaha wa chuo aliniambia kuwa wangu ni wasiwasi, na kwamba unatibika. Nilishangaa: mimi sikuumwa na nyoka yeyote, lakini nashtuka. Huenda nimelelewa na mtu ambaye kila siku alikuwa akichungulia nyasi.

Kazi ile niliirudia. Safari hii niliandika "wasiwasi" mahali pake, na "kiwewe" mahali pake.

Aprili iliyopita Mama alijifungia tena. Sikumwambia aache wasiwasi. Niliketi sakafuni nje ya mlango, nikamwambia polepole, "Mama, ni mimi. Tuko nyumbani. Mwaka 1994 umepita." Nilirudia mara nyingi, hata sikumbuki ngapi. Baadaye nilisikia ufunguo ukizunguka.