Swali la Tisa

Mwaka 2008 kazi yangu ilikuwa kukaa kwenye benchi nyuma ya zahanati moja ya Dar es Salaam, kalamu ya bluu mkononi, nikiwauliza watu maswali tisa. Lilikuwa dodoso la PHQ-9, ambalo Wamarekani walilipima na kulichapisha mwaka 2001. Kila jibu lina alama 0 hadi 3, jumla ya juu ni 27, na anayefika 10 hudhaniwa kuwa na sonona. Sisi tulitakiwa kujua kama linasema kweli kwa Kiswahili.

Mtu akitoka kwangu aliingia kwa daktari, ambaye hakuruhusiwa kuziona alama zangu. Daktari alizungumza naye kwa kituo, kisha akaandika uamuzi wake. Mwisho karatasi hizo mbili zililinganishwa: wagonjwa wangapi dodoso limewaona, wazima wangapi limewaacha waende zao.

Tafsiri ya kwanza ilitutia aibu. Mmoja wetu aliandika "kujisikia chini", na mzee mmoja akainama kutazama sakafu. "Chini wapi, mwanangu?" Tukaifuta. Watu wa mitaa ile husema wana mawazo, moyo mzito, usingizi umewahama. Kutafuta maneno hayo kulituchukua muda mrefu kuliko kuuliza kwenyewe.

Asubuhi moja alikuja mama wa rika la mama yangu, kanga imemfunika hadi kidevuni. Nilimwamkia, akaitikia marahaba kwa sauti ya kuchoka, akajibu maswali manane bila kusita. La tisa huuliza kama mtu amekuwa akiwaza kwamba afadhali angekufa. Nilimtazama, nikaona haya. Nikazungushia 0 bila kumwuliza. Jumla ikawa 9.

Daktari hakuona haya. Alimwuliza, naye akasema yote, na matibabu akayapata siku ileile. Lakini kwenye jedwali mama yule aliingia upande wa wagonjwa ambao dodoso liliwakosa. Mkuu wetu alitikisa kichwa: "Huyu chombo hakikumwona." Nikanyamaza, nikajifanya napanga karatasi.

Sasa binti wa dada yangu anafanya kazi hiyohiyo kwa simu. Maswali yanasomwa kwa sauti iliyorekodiwa, mtu anabonyeza mwenyewe. Simu haina haya, na nakiri kuna mambo ambayo mtu hukiambia kioo asiyoweza kumwambia kijana wa benchini. Ila simu ya nyumbani ni ya wote. Mama akijibu huku mwanawe ndiye aliyeishika, haya zangu zimerudi kwa mlango mwingine. Na akibonyeza 3 kwenye la tisa, nani anainuka? Kwao muuguzi anapigiwa papo hapo. Programu nyingine nilizojaribu mwenyewe zilinipa namba na rangi, basi.

Anachonifundisha binti huyo siku hizi ni hesabu. Utafiti ule wa 2001 ulipata asilimia 88 kwa kuwatambua wagonjwa na asilimia 88 kwa kuwaacha wazima, na mimi miaka yote niliiona alama nzuri. "Chukua watu 100, Mjomba, 10 kati yao wanaumwa. Utawapata 9. Halafu wale wazima 90, utabeba 11 pamoja nao." Waliookotwa kimakosa wamewazidi wagonjwa wenyewe! Ndiyo maana hakubali kwamba dodoso lililopimwa kwenye karatasi limekwisha pimwa kwenye simu. Anaanza upya: daktari, chumba, karatasi mbili.

Wiki iliyopita alikuja na wazo la kulinganisha majibu ya simu na yale yetu ya zamani, ambayo bado yako kwenye makasha.

"Mjomba, ya kwenu mliyajaza sawasawa?"

Nikamwambia avute kiti kwanza.