Kioo au Pumzi?

Nilikuwa kidato cha nne bodaboda iliponiangusha nyumbani, Chato. Pua ikavunjika, ukuta wake wa kati ukapinda. Mama akauza ng'ombe wawili, tukavuka Busisi kwa kivuko, nikafanyiwa upasuaji. Bandeji ilipotolewa tukamshukuru Mungu. Miezi ikapita, mgongo wa pua ukabonyea na tundu la kushoto likaziba.

Sasa nina miaka 22, nasoma ualimu, na kila likizo swali ni lile lile: nipasuliwe tena?

Safari siyo shida siku hizi. Tangu Juni 2025 tunapita juu ya Daraja la Kigongo–Busisi, kilomita 3, hakuna kusubiri kivuko. Shida ni upasuaji wenyewe. Daktari wa masikio, pua na koo niliyemwona hakunipaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Alisema mara ya pili huwa ngumu kuliko ya kwanza: ndani kuna makovu, na gegedu, yaani ule mfupa laini, limepungua, kwa hiyo huenda wakachukua la sikioni au la ubavuni. Kunyooka kabisa hakuahidi. Halafu akauliza, "Kinachokusumbua hasa ni kioo au pumzi?"

Nikajibu pumzi. Nilidanganya nusu. Rumeti wangu anajua kwamba kwenye picha huwa nageuza upande wa kulia.

Lakini kioo nimekizoea jamani. Pumzi sijaizoea. Kwenye mazoezi ya kufundisha nilipewa vipindi vya dakika 80. Anayepumua kwa mdomo hukaukwa koo, na kabla ya nusu saa wa nyuma walishaanza, "Madam, hatusikii!" Mwalimu bila sauti atafundisha nini?

Kwa hiyo nimeamua. Baada ya UE nitakwenda, kwa ajili ya pumzi. Pua ikinyooka, nitashukuru. Isiponyooka, sitarudi mara ya tatu.

Kilichonichelewesha zaidi ni mama. Nitamwambiaje kwamba ng'ombe wake walikwenda bure? Jumapili nikajikaza nikampigia. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwanangu, unadhani usiku sikusikii unavyohangaika kuvuta pumzi? Nilikuwa nasubiri useme mwenyewe."

Habari ya ng'ombe hakuigusa. Na mimi sikuuliza.