Pete ya Uchumba Ilipopanda Milima ya Pare

Same wengi tunaijua kwa dirisha la basi. Unatoka Dar, umesinzia tangu Korogwe, unafumbua macho: milima mkono wa kulia, tambarare kavu mkono wa kushoto, kondakta anapiga kelele, watu wawili wanashuka, safari ya Moshi inaendelea.

Safari hii mmoja wa hao wawili nilikuwa mimi. Mchumba wangu ni Mpare wa Mamba Myamba, mimi ni Mchaga, na utani wa hapo unaujua: sisi tunapenda pesa, wao hawaitoi. Barua ya posa ilishajibiwa. Kilichobaki ni kishika uchumba, yaani pete. Yeye alitaka jiwe la mwezi, lile jeupe kama maziwa lenye mwanga wa buluu unaoelea ndani. Wauza vito wengine wanaliita munstoni. Mimi nilitaka tanzanaiti. Kwa nini? Semeni mtakavyo, nilitaka wajomba zake wakiiona pete wajue kijana amejikakamua. Dalali wa Arusha alinipa jiwe la mwezi likiwa tupu, limefungwa kwenye karatasi, nikapewa wiki mbili za kulirudisha kama tutabadili mawazo.

Kabla ya kufika mjini, basi linapita Makanya, na Makanya kuna jasi. Ndiyo, ile ile inayotiwa kwenye saruji ili isigande haraka mno. Fuwele za jasi zilizo safi, zinazopitisha mwanga, huitwa selenaiti, jina lililotokana na neno la Kigiriki la mwezi. Kwa hiyo wilaya ya Same ina jiwe lake la mwezi! Bahati mbaya, hilo hata ukucha wako unalikwaruza. Kwenye mizani ya ugumu aliyoitunga Mjerumani Friedrich Mohs mwaka 1812, jasi iko namba 2 na almasi namba 10. Jiwe la mwezi la kwenye pete ni kitu kingine kabisa. Ni la ukoo wa feldispa, ugumu wake ni 6 hadi 6.5, na mengi yanayosifiwa hutoka Sri Lanka na India. Ule mwanga unatokana na matabaka membamba mno yaliyolaliana ndani ya jiwe, mwanga unapita na kutawanyika.

Sasa, mpenzi msomaji, tatizo la namba 6 ni vumbi. Vumbi la kawaida lina chembe za mchanga ambazo ugumu wake ni 7, na vumbi la Same halihitaji utambulisho. Ukifuta pete kwa kitambaa kikavu chenye vumbi, taratibu unalichuna jiwe lenyewe. Ila ngoja: tanzanaiti yangu ya kujionyesha nayo iko kati ya 6 na 7 tu! Bei kubwa haina maana jiwe ni gumu. Anayetaka jiwe la kazi ngumu atafute ganeti, au yakuti (madalali wanaziita safaya), ambayo ni namba 9 na hapa kwetu inapatikana bonde la Umba, karibu na mpaka wa Kenya.

Kutoka Same mjini tulishika barabara ya Kisiwani. Kushoto ni Mkomazi, hifadhi ya taifa tangu 2008, pori la vichaka na vumbi jekundu ambako faru weusi na mbwa mwitu wanalindwa. Kulia ni milima. Kwa muda mrefu unakwenda kwenye joto, halafu gari linaanza kupanda, kona juu ya kona, na bila kuambiwa unapandisha kioo. Kijani kinaanza: migomba, mahindi, tangawizi. Mamba Myamba ni tangawizi. Inanukia kwenye magunia, kwenye chai, na kwenye mikono ya watu.

Mikono ndiyo iliyonimaliza. Asubuhi yake mchumba wangu, ambaye Dar ni mtu wa benki na kucha zake zina rangi, alikuwa shambani na mama yake wanafukua tangawizi, udongo mpaka kwenye viwiko. Nikamwonyesha bibi lile jiwe kwenye karatasi.

“Shikamoo bibi. Mjukuu wako amechagua hili.”

“Marahaba, baba.” Akaligeuzageuza juani mpaka ule mwanga ukatembea. “Zuri. Atalivaa na jembe?”

“Hapana bibi,” mwenyewe akadakia kutoka shambani, “nitalivua. Hata saa si naivua?” Halafu akanigeukia: “Nyie Wachaga mnataka bei ionekane. Mimi nataka ninachokipenda.”

Ubishi ukaishia hapo, ingawa nililala nao usiku mzima. Mtu anayejua mikono yake inafanya nini, na yuko tayari kuivua pete kabla ya kushika jembe, simchagulii jiwe.

Tukikuta nanyi mmeangukia kwenye jiwe hili, ligeuzeni kabla ya kulipa. La kweli mwanga wake unatembea na kupotea kadiri unavyoliinamisha. La kioo linang'aa buluu kila upande, na ukiliweka mbele ya taa linakuwa la rangi ya chungwa. Mwambieni sonara alizungushie ukuta wa dhahabu au fedha pande zote, asilishike kwa vikucha vinne, kwa sababu likigongwa vibaya linapasuka kufuata matabaka yake. Kuosha ni maji ya vuguvugu, sabuni laini na brashi ya mswaki laini. Mashine za kutikisa za masonara, hapana.

Yetu imetengenezwa Moshi, fedha tupu, ukuta mzima. Pesa iliyobaki nilitangaza kwa furaha kwamba itaongeza mbuzi kwenye mahari. Wajomba wakatazamana, wakaagiza chai nyingine ya tangawizi, na hesabu ikaanza upya.