Maji Machafu ya Kalemie Yanaenda Wapi?

Juma hili tutembee pamoja kando ya ziwa letu, tukifuata maji ambayo hakuna anayeyatamani: ya kuosha vyombo, ya kufulia nguo na ya choo.

Tuanzie Lukuga. Ziwa Tanganyika linapokea mito mingi kutoka Burundi, Tanzania, Zambia na Kongo, lakini mto unaotoka ni huu mmoja, hapa kwetu. Maji mengine mengi yanapaa kwa jua. Ziwa lina kina cha metre karibu 1470, na wataalamu wanahesabu kwamba maji yake yanahitaji mamia ya miaka ili yabadilike yote. Kwa hiyo uchafu unaoingia ziwani hauondoki upesi.

Sasa tushuke ufukweni. Mama mmoja anafua, mwingine anaosha sufuria, mtoto anajaza bidoni, na ndakala zinaanikwa karibu. Mvua ikinyesha, mifereji ya kartye inateremka na kila kitu ilichokikuta njiani. Nyumba zetu nyingi zina choo cha shimo. Mwaka 2021 na tena 2024 ziwa lilipanda likaingia kwenye nyumba za pwani. Maji yakifunika choo, yaliyomo shimoni yanatoka. Ndiyo sababu kolera haijatuacha kwa miaka mingi: inapita kutoka choo hadi maji, na kutoka maji hadi kikombe cha mtoto.

Tuvuke ziwa hadi Bujumbura. Huko Buterere kuna mabwawa ya kusafisha maji machafu ya mji. Mabwawa ya namna hii yanafanya kazi hivi: katika bwawa la kwanza lenye kina, uchafu mzito unazama na vijidudu vinaula bila hewa. Katika la pili, mimea midogo ya kijani inatoa hewa, na vijidudu vingine vinaendelea na kazi. La mwisho halina kina, na humo jua linaua vijidudu vya magonjwa. Miji yenye pesa nyingi inaongeza hatua moja: inaondoa naitrojeni na fosforasi, ambazo kwa ziwa ni kama mbolea. Zikizidi, maji yanageuka kijani na samaki wanakosa hewa.

Lakini mabwawa ya Buterere yanahudumia sehemu tu ya Bujumbura, maana kila nyumba inahitaji bomba la kufika huko. Basi hata sisi tukijengewa mabwawa kesho, bila mabomba au gari la kunyonya vyoo yatabaki makavu.

Tukingoja, kuna kazi ya mikono yetu:

Choo kiwe metre 30 kutoka kisima, na chini ya shimo kibaki kimo cha mtu, metre moja na nusu, kabla ya kufikia maji ya ardhini. Pwani, ambako maji yako karibu, afadhali kujenga choo kilichoinuliwa, chenye tangi lisilovuja.

Maji ya vyombo na ya kuoga tuyamwage katika shimo lililojaa mawe, si mferejini.

Maji ya kunywa tuyatie klorini au tuyachemshe, hata yakionekana meupe.

Likelemba ya kikundi inaweza kulipia mawe na sementi, nyumba moja kila mwezi. Wamama kumi wakianza leo, mwaka hautaisha kabla ya wote kupata.

Na kwa wakubwa wa komini tupeleke swali moja: wanaokodiwa kumwaga vyoo vyetu, wanapeleka wapi uchafu huo? Kama jibu ni mtoni au ziwani, tuombe kiwanja mbali na maji, kabla ya mvua kurudi. Katika mkutano ujao kila kikundi kilete majina ya avenyu ambazo vyoo vyake vilifurika, ili tuende kwa komini na orodha mkononi.