Mbuzi mmoja, nyumba kumi

Jamaa zetu waliopitia kambi ya Nyarugusu, Tanzania, na sasa wako Marekani, wanatusimulia maduka kama Costco. Unalipa kadi ya mwaka, ndipo unaingia. Nyama inauzwa kwa pakiti kubwa, na majiko ya gesi ya kuichomea yanauzwa humo humo. Bei ya kilo inashuka kwa kuwa unabeba nyingi.

Huku Baraka na Fizi hesabu ni ileile: mafungu madogo ya sokoni, ukiyajumlisha, yanapita bei ya mbuzi mzima. Tofauti ni friji. Wao wanaweka nyama mwezi. Sisi, kwa joto hili la ziwa, hailali. Basi friji yetu ni kikundi. Nyumba kumi tunachanga, tunachinja asubuhi, na jioni kila chungu kimepata.

Tulinde mambo matatu. Mbuzi mgonjwa hatumnunui, hata akiuzwa bei ya bure. Nyama ipimwe kwa mzani mbele ya wote, mifupa na matumbo vigawanywe pia. Na michopo tuichome pamoja, mbabula moja kwa nyumba tatu, tusimalize makala.

Na mjane asiye na mchango mwezi huu? Alete makala au pilipili, ama alipe kwenye likilimba ijayo. Duka linamfungia mlango asiye na kadi. Kikundi cha wamama hakiwezi kufanya hivyo.

Tarehe 8 Machi haiko mbali. Tuanze kuchanga.